Jembe, Nyumba na Ng'ombe wa Msalato

Septemba 1965, mpiga kura wa Ugogo, katikati ya Tanzania, aliyefika kituoni alikabidhiwa karatasi yenye alama mbili: jembe na nyumba. Hakuhitaji kujua herufi hata moja. Kila jimbo lenye ushindani lilikuwa na wagombea wawili wa ubunge, wote wa TANU, kwa kuwa mwaka huo nchi ilikuwa imeingia kisheria katika mfumo wa chama kimoja. Mmoja alipewa jembe, mwenzake nyumba, na kuanzia hapo majina yao ya ubatizo na ya ukoo yakasogea pembeni. Watu walisema wanampa kura Jembe, au wanampa Nyumba.

Kazi ya kupata alama hizo haikuwa nyepesi. Ilitakiwa michoro ambayo mvuvi wa Ukerewe, kibarua wa mkonge wa Tanga na mfugaji wa Mvumi wangeitambua kwa jicho moja. Isiwe ya kabila, isiwe ya dini, na isimpe mgombea yeyote ushindi kabla hajafungua mdomo. Mambo mawili ya mwanzo yaliwezekana. La tatu lilikuwa gumu, maana jembe lilikuwa na uzito wake tayari: serikali ilihubiri kilimo kila kukicha, na kwenye ngao ya taifa jembe limo. Wagombea hawakuchelewa kugeuza alama kuwa hoja. Mwenye jembe aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kula nyumba. Mwenye nyumba alijibu kwamba hata mwenye jembe, jua likizama, ana pa kurudi.

Nikiwaza karatasi ile huwa naifikiria nyumba. Nyumba ya Mgogo ni tembe, kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo vilevile, imejengwa kuzunguka ua wa ng'ombe. Ya Mhaya ni msonge wa nyasi ulioteremka hadi chini. Ya mtu wa pwani ina baraza na paa la makuti. Mchoro mmoja ulilazimika kusema nao wote, nao wote wakakubali kuuona kama nyumba yao. Hapo ndipo ulipo ufundi wa nembo: mchoraji huchora kidogo, na mtazamaji humalizia kwa kile anachokijua.

Alama hazikufunika sura za watu. Paul Bomani, waziri wa fedha wa serikali iliyokuwa madarakani, aliangushwa mwaka huohuo. Wapiga kura walijua vizuri nani amesimama nyuma ya jembe na nani nyuma ya nyumba.

Nchi ya kati ilikuwa na uzoefu wa kusoma bila herufi tangu zamani sana. Kondoa, kwenye miamba ya Kolo, kuna michoro ya rangi nyekundu ya watu warefu wembamba, twiga, pofu na tembo, mingine ikiwa na umri wa maelfu ya miaka. Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia. Siiiti nembo. Lakini inaonyesha kwamba kwenye uwanda huu mtu aliwahi kuamini kuwa mstari mmoja wa mgongo unatosha kumtambulisha mnyama, na macho yetu ya leo yanakiri kwamba alikuwa sahihi.

Neno lenyewe, nembo, halikuzaliwa ofisini. Asili yake ni ngozi. Nembo zilikuwa chale na michoro iliyochanjwa usoni na mwilini, na watu wakisema mtu amechanja nembo, hadi leo huwafikiria kwanza Wamakonde. Wagogo walikuwa na yao, duara dogo la kovu katikati ya paji la uso, linaloitwa nindi. Wazee huieleza kama tiba ya macho, na huenda ndivyo ilivyoanza. Lakini aliyekutana na mtu mwenye duara lile safarini, mbali na kwao, hakuuliza maswali mengi. Alijua amekutana na mtu wa Ugogo. Alama iliyowekwa kwa ajili ya dawa iligeuka kuwa kitambulisho kwa sababu watu waliisoma hivyo.

Mifugo nayo ilisomwa. Sikio la ng'ombe lilikatwa kwa namna ambayo mwenye mali aliijua, na wenzake waliijua pia. Ng'ombe akipotea akaonekana kwenye kundi la mtu mwingine, sikio lilikuwa ushahidi. Mkato wa sikio una faida mbili ambazo mbunifu yeyote wa nembo angezililia: haufutiki, na hauhitaji maelezo.

Kisha ikapita misafara. Katika karne ya kumi na tisa njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilikatiza Ugogo, nchi kavu yenye visima vichache, na watemi wa Kigogo walitoza hongo kwa kila msafara uliotaka maji na njia. Hongo ililipwa kwa vitambaa, shanga na waya. Kitambaa kilichotafutwa kuliko vyote kilikuwa cha pamba nyeupe isiyopaushwa, kilichofumwa Marekani na kuletwa Zanzibar na meli za Salem. Watu wakakiita merikani. Hakuna kampuni iliyowafundisha jina hilo. Hata viwanda vya Bombay vilipoanza kufuma kitambaa cha aina hiyo, jina halikubadilika. Kiliendelea kuwa merikani, kiwe kimetoka wapi. Wenye viwanda waligonga alama zao kwenye nguo, na Kiswahili kina neno zuri kwa alama hizo ambalo siku hizi tumelisahau: rajamu. Rajamu ilikuwa ya mfanyabiashara. Jina lilikuwa la mnunuzi, na lililodumu ni la mnunuzi.

Chapa ni neno jingine, lililovuka bahari kutoka India, likimaanisha kugonga na kuacha alama. Tunalitumia kwa chuma cha moto kwenye paja la ng'ombe, kwa kitabu kilichotoka mtamboni, na kwa bidhaa dukani. Mtu anayechapisha Gazeti la Serikali hadi leo ana cheo cha Mpigachapa Mkuu wa Serikali. Ninalipenda neno hilo kwa sababu linakumbusha kuwa nyuma ya kila nembo kuna kugonga: kitu kigumu kukutana na kitu laini, na alama kubaki.

Wajerumani walileta tai. Alikuwa kwenye mihuri, kwenye sarafu na kwenye mabango ya ofisi, na reli yao ilipofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, tai alisafiri nayo. Lakini kipande cha nembo cha zama zao kinachonivutia kilitengenezwa wakati dola lao linakata roho. Vita Kuu ilipowatenga na Ulaya, waligeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, upande wa Singida. Mwaka 1916 wakagonga sarafu za rupia 15, zaidi kidogo ya 16,000, na upande mmoja wakamweka tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake, na chini herufi moja, T, yaani Tabora. Septemba mwaka huohuo Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Tai alirudi kwao. Tembo alibaki, maana alikuwa wa hapa.

Tembo ana haki ya pekee katika nchi hii. Simulizi la Kigogo linasema mji wa Dodoma ulipata jina pale tembo alipofika kunywa maji kijitoni akadidimia matopeni. Mahali pale pakaitwa Idodomya, palipodidimia. Kuna miji iliyopewa majina ya magavana na miji iliyopewa majina ya watakatifu. Huu ulipewa jina la tukio, la mnyama mmoja mzito siku moja yenye matope.

Waingereza walikuja na twiga. Kichwa chake kilikaa ndani ya duara jeupe kwenye bendera nyekundu ya Tanganyika, na kabla ya hapo kilikuwa kwenye stempu za mwaka 1922. Ilikuwa nembo ya watawala, lakini mnyama alikuwa wetu, na baada ya uhuru hakuna aliyeona sababu ya kumfukuza. Shirika la ndege la Air Tanzania lilipoanzishwa mwaka 1977, baada ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki kuvunjika, twiga akapandishwa mkiani mwa ndege.

Ngao ya taifa ilikuja na uhuru. Itazame polepole, kwa kuwa tumeizoea mno. Juu kuna mwenge unaowaka kwenye uwanja wa dhahabu. Chini yake bendera, iliyobadilishwa mwaka 1964 baada ya Muungano. Kisha shoka na jembe vimepishana kwenye uwanja mwekundu, kisha mawimbi ya bluu na meupe, na mkuki umesimama katikati. Ngao imekaa juu ya Kilimanjaro. Mwanamume na mwanamke wameshika pembe mbili za ndovu zinazoizunguka, miguuni pa mmoja mkarafuu, miguuni pa mwingine mpamba. Chini kabisa, maneno matatu: Uhuru na Umoja.

Ukiwapa wabunifu wa leo nembo hiyo wataiona imejaa kupita kiasi. Igonge kwa muhuri wa mpira wenye upana wa sentimita tatu, kwa wino wa zambarau, kwenye karatasi ya kijiji: mwenge unapotea, mkarafuu unageuka doa. Watu wakafanya kile ambacho mchoraji hakukifanya. Waliipunguza. Waliiita Bibi na Bwana. Kwa jina hilo mtu anaitambua hata muhuri ukiwa umechakaa, kwa kuwa anachotafuta ni vivuli viwili vilivyosimama. Barua yenye Bibi na Bwana ni ya serikali. Isiyo nao ni karatasi tu.

Kuhusu aliyeichora, Watanzania walikumbushwa kwa namna ya kuumiza. Mwaka 2017 vyombo vya habari vilionyesha mzee mgonjwa aliyeishi kwa dhiki Buguruni, Dar es Salaam, Francis Maige Kanyasu, aliyejulikana kwa jina la Ngosha. Alisema mkono wake ndio uliochora ngao ya taifa. Alihamishiwa Muhimbili, na huko akafariki mwishoni mwa Mei mwaka huohuo. Wapo wengine waliodai kazi hiyohiyo. Sitaki kuamua kesi hiyo hapa. Ninachosema ni kwamba nchi iliyoandika Sheria ya Nembo za Taifa mwaka 1971, ikaeleza nani anaruhusiwa kuitumia ngao na nani haruhusiwi, ilifikia mahali pa kubishana kitandani pa mgonjwa kuhusu nani aliichora. Jina la mchoraji lilipaswa kuandikwa siku ile ile kazi ilipokubaliwa. Halikuhitaji nafasi kubwa.

Tarehe 5 Februari 1977, miaka kumi kamili tangu Azimio la Arusha, TANU na chama cha Afro-Shirazi cha Zanzibar viliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Nembo yake ni jembe na nyundo, mkulima na mfanyakazi, njano juu ya kijani. Kwa upande wa ufundi hii ni kazi safi kuliko ngao, na nasema hivyo bila kujali mtu anapigia chama gani kura. Ina vitu viwili tu. Kijana anaweza kuikata kwenye kipande cha boksi, akapaka rangi kupitia tundu, na ukuta wa tembe ukavaa nembo kabla chai haijachemka. Mtoto anaichora kwa mkaa. Inakaa kwenye kanga, kofia, kadi na mkia wa baiskeli bila kupoteza sura. Na jambo la ajabu ni kwamba kwenye chaguzi za miaka ya 1980 wagombea wa ubunge waliendelea kugawiwa jembe na nyumba. Aliyebahatika kupata jembe alitembea kijijini na nusu ya nembo ya chama mkononi.

Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi, na utaratibu wa jembe na nyumba ukaisha. Sasa kila chama kilitakiwa kuja na nembo yake, na yale maswali ya 1965 yakarudi kwa watu wengi kwa mpigo. Waliofaulu zaidi ni wale walioelewa kwamba nembo bora ni ile inayoweza kufanywa kwa mkono mtupu. Vidole viwili vya CHADEMA havihitaji rangi wala karatasi. Mtu akiwa juu ya lori anavionyesha, na aliye mbali akaelewa.

Makao makuu ya CCM yako Dodoma, na haikutokea kwa bahati. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie hapa, katikati ya ramani, mbali na bandari iliyojengwa kwa ajili ya kutoa mali nje. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ikaundwa mwaka huo. Mpango wa mji ulikabidhiwa kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, chini ya Macklin Hancock, ukakamilika mwaka 1976. Mwalimu Nyerere, rais wa wakati huo, hakutaka mnara wa vioo. Mji ulipangwa kwa watu wa miguu, baiskeli na mabasi, ukigawanyika katika jumuiya zilizosambaa kati ya vilima vya mawe. Miaka ya 1980 Mmarekani James Rossant akachora kitovu cha serikali. Mji wenyewe ulikusudiwa kuwa nembo: mtu akiutazama aone ni nchi ya aina gani inayotaka kujengwa hapa.

Fedha hazikutosha. Vita vya Kagera na dhiki ya uchumi vilifuatana, na kwa zaidi ya miaka arobaini Dodoma ilibeba jina la makao makuu huku wizara nyingi zikiwa Dar es Salaam. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza serikali inahama kweli. Mei 2017 akaivunja CDA. Tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikawa jiji. Leo wizara zimejipanga kwenye mji wa serikali wa Mtumba, jengo kwa jengo, na kwenye kila lango wamesimama Bibi na Bwana.

Watumishi walipohamia, kazi ya nembo ilihamia nao. Katikati ya mji vibanda vya steshenari vimejaa: fotokopi, mihuri, mabango, fulana, kadi za harusi, na kwenye kona kijana mwenye kompyuta anayeitwa dizaina. Wateja wake ni kikundi cha VICOBA, kwaya, shule binafsi inayotaka nembo ya kushona kwenye sweta, mama mwenye unga wa lishe, ushirika wa zabibu. Wengi wanataka kwa siku moja, na wanataka kila kitu kiwemo: mikono miwili inayoshikana, dunia, kitabu kilichofunguliwa, mwenge, mlima. Dizaina anaviweka kwa sababu mteja ndiye anayelipa. Nembo inatoka nzuri kwenye kioo cha kompyuta, na kwenye muhuri inakuwa doa, kama ngao. Tofauti ni kwamba ngao ilipata taifa zima la kuipa jina. Kikundi cha watu thelathini hakina muda huo.

Ningependa wateja wale wapitishe kwanza macho karibu. Mizabibu ilipandwa Bihawana na wamisionari Wakatoliki mwaka 1957, na leo zabibu ni alama ya Dodoma bila tangazo la mtu yeyote. Timu ya Dodoma Jiji inaitwa Walima Zabibu, na mshabiki aliye Mbeya anaelewa mara moja wametoka wapi. Kuna tembe. Kuna mbuyu. Kuna marimba na zeze. Kuna tembo aliyedidimia. Hakuna hata kimoja kinachohitaji mikono miwili kushikana juu ya dunia ndipo kieleweke.

Jumosi, mnadani Msalato, kaskazini kidogo mwa mji, moshi wa nyama choma huanza mapema na ng'ombe hufika kwa miguu. Ukikaa karibu na zizi unaweza kusoma historia hii kwenye mwili wa ng'ombe mmoja. Sikio lina mkato wa mwenye mali, ule wa zamani. Pajani kuna chapa ya moto ya kampeni ya mwaka 2017, ikianza na herufi T ya Tanzania, na utambulisho wa wilaya ukifuata. Sikio lingine lina hereni ya kielektroniki ya miaka hii, yenye namba ndefu ambayo mtambo unaisoma na jicho haliishiki.

Mnunuzi anazunguka. Anapapasa mbavu, anatazama meno, anaangalia paja. Mwisho anainama kwenye lile sikio lililokatwa, analigeuza kidogo kwa kidole, kisha anauliza huyu ametoka kwa nani.